Squier Affinity, Pacifica 112V na amplifaya tatu za bei nafuu: sauti nzuri inatoka wapi

Anayetafuta gitaa la umeme la bei nafuu pamoja na amplifaya ya kuanzia atakutana na majina yaleyale karibu kila mahali vyombo vinapouzwa: Squier Affinity Stratocaster na Yamaha Pacifica 112V kwa upande wa magitaa, na Fender Frontman 10G, Vox Pathfinder 10 na Boss Katana 50 kwa upande wa amplifaya. Tathmini hii inahusu vyombo hivyo vitano, ila sivipimi kwa jinsi vinavyosikika siku ya kufunguliwa boksi. Ninavipima kwa sauti vinayoweza kutoa baada ya kupita mikononi mwa mtu mwenye bisibisi, subira na masikio yanayosikiliza. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa sauti mbaya ya gitaa rahisi ni kazi ambayo kiwanda hakikuimalizia, na kwamba sehemu kubwa ya lawama zinazorundikiwa amplifaya ndogo zinaistahili spika yake na mkono unaozungusha vitufe.

Historia ya chombo hiki inaiunga mkono hoja hiyo. Danelectro, kampuni iliyoanzishwa na Nathan Daniel nchini Marekani, ilitengeneza katika miaka ya 1950 magitaa yenye uso wa masonaiti, yaani ubao wa nyuzinyuzi za mti zilizoshindiliwa, na pikapu zake, yaani vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, zilifichwa ndani ya vibweta vya rangi ya midomo. Mengi yaliuzwa kwa wanaoanza kupitia katalogi ya Sears kwa jina la Silvertone, na hata hivyo Jimmy Page wa kundi la Led Zeppelin alipanda na Danelectro kwenye majukwaa makubwa kabisa ya enzi zake. Fender Champ ya miaka hiyohiyo ilikuwa na wati 5 na spika ya inchi 8, ikauzwa kama amplifaya ya mwanafunzi. Leo studio zinaithamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 John Deacon wa kundi la Queen aliokota jijini London ubao wa saketi uliotupwa, akaufunga kwenye kasha la spika ndogo na kuulisha betri ya volti 9, na Brian May, mpiga gitaa wa kundi hilo, akautumia studio kupanga tabaka za gitaa zinazosikika kama okestra. Katika mifano yote mitatu kifaa kilikuwa duni kwa thamani, lakini aliyekitumia alikijua kinachoweza na kisichoweza.

Nianze na Squier. Fender ilianza kulitumia jina hilo kwa magitaa ya bei ya chini mwaka 1982, wakati huo yakitengenezwa Japani, na Affinity ni mojawapo ya ngazi za chini za familia hiyo. Toleo la sasa lina mwili wa mti wa poplari, mwembamba kidogo kuliko wa Stratocaster ya kawaida, shingo ya mepo, freti 21 (vijiti vya chuma vinavyoikata shingo), na urefu wa uzi wa milimita 648. Pikapu zake tatu za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, zina sumaku za seramiki, na hapo ndipo penye tofauti inayosikika. Katika pikapu ya Stratocaster ya asili, kila uzi una kijiti chake cha sumaku ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Katika pikapu nyingi za bei nafuu vijiti huwa vya chuma cha kawaida, na sumaku ya seramiki hubandikwa chini yake. Sauti inayopatikana ina nguvu na inatangulia haraka, lakini ina makali ambayo kwenye spika ndogo yanachoma masikio. Ukiteremsha pikapu hizo kidogo na kukipunguza kitufe cha toni, makali hayo yanageuka kuwa uwazi unaofaa sana kwa rizimu, yaani upigaji wa kusindikiza wimbo. Nafasi mbili za swichi zinazochanganya pikapu mbilimbili, ile ya pili na ile ya nne, ndizo sauti bora za gitaa hili, na kwa nyimbo zinazotaka gitaa linalong'aa bila mkwaruzo sioni sababu ya kutafuta kingine.

Jambo moja la uunganishaji linafaa kujulikana. Katika mpangilio wa asili wa Stratocaster pikapu ya darajani, yaani iliyo karibu na kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini, haipiti kwenye kitufe chochote cha toni, ndiyo maana watu wengi huiogopa. Gitaa lililounganishwa hivyo linaweza kusahihishwa kwa kipande kifupi cha waya kinacholehemewa kwenye swichi ili toni ya pikapu ya kati ihudumie na ya darajani. Fundi wa redio anaimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, na kwa maoni yangu hakuna badiliko la gharama ndogo kuliko hilo linaloongeza matumizi ya gitaa kwa kiasi hicho.

Yamaha Pacifica 112V limefuata umbo la jumla lilelile na urefu uleule wa uzi, lakini kwa uchaguzi tofauti wa vifaa. Mwili ni wa mti wa alda, freti ni 22, sumaku ni za alniko V, na darajani kumewekwa hambaka, yaani pikapu ya koili mbili zinazofutiana mvumo wa umeme, muundo ambao mhandisi Seth Lover aliubuni akiwa kampuni ya Gibson mwaka 1955. Kitufe cha toni kikivutwa juu, koili moja ya hambaka huzimwa, na mpigaji akabaki na sauti nyembamba inayokaribia ile ya koili moja. Uwezo huo una maana kubwa kwa mtu mwenye gitaa moja tu, kwa sababu katika wimbo mmoja anaweza kutoka kwenye rizimu safi hadi solo nene bila kugusa amplifaya. Kati ya magitaa haya mawili, Pacifica ndilo lililokamilika zaidi, na pikapu zake hazina haja ya kubadilishwa mapema. Affinity lina haiba yake kwenye rizimu na ni jepesi begani, lakini linamtegemea zaidi mwenye nalo alifanyie marekebisho.

Marekebisho yenyewe ndiyo kiini cha jambo hili, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda. Gitaa la bei nafuu hukatwa na mashine sahihi kabisa. Kinachopunguzwa ili bei ishuke ni saa za binadamu za kumalizia. Kwa sababu hiyo dosari zake zinafanana, iwe limetoka kiwanda gani, na karibu zote zinarekebishika.

Kwanza ni nyuzi. Nyuzi zilizokaa miezi ghalani na safarini zimekufa kabla ya kupigwa, na hakuna pikapu inayoweza kurudisha mlio ambao uzi hauna. Seti inayoanza na uzi wa inchi 0.009 ni laini kwa vidole vya anayejifunza. Ile inayoanza na 0.010 inatoa sauti iliyojaa zaidi na inavumilia mkono mzito, ila inavuta shingo na springi kwa nguvu zaidi, hivyo kila kipimo kitakachofuata sharti kirudiwe. Baada ya kuzifunga, kila uzi uvutwe taratibu kwa vidole katikati, utyuniwe tena, uvutwe tena, mpaka ukome kushuka. Wengi wanaolalamika kwamba funguo za gitaa lao hazishiki hawajawahi kufanya hivyo.

Baada ya nyuzi ni kile kipande chenye vijia sita kinachotenganisha kichwa na shingo, ambacho hapa nitakiita kizingiti. Hiki ndicho chanzo kinachosahaulika kuliko vyote. Vijia vyake vikiwa juu mno, kila noti ya freti za mwanzo hupanda kuliko inavyostahili, kwa sababu kidole kinaulazimisha uzi kusafiri mbali kabla ya kuifikia freti. Kodi za chini, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinasikika kombo hata tyuna ikiapa kwamba nyuzi wazi ziko sawa. Kipimo chake ni rahisi: ubonyeze uzi kwenye freti ya tatu, kisha utazame nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Nafasi hiyo inatakiwa iwe ndogo sana, ya kuonekana kwa shida. Ikiwa ni pana, vijia vinahitaji kuchongwa kwa tupa nyembamba, na hapo nashauri fundi, kwa kuwa kijia kilichochongwa kupita kiasi hakirudi. Ikiwa uzi unanasa na kulia "tik" wakati wa kutyuni, unga wa penseli ndani ya kijia unatosha kuulainishia njia.

Shingo yenyewe inatakiwa ijipinde kidogo upande wa nyuzi, katikati yake ikiwa imezama kidogo. Ukibonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, uzi unakuwa rula, na pengo juu ya freti ya saba au ya nane linapaswa kuwa karibu milimita 0.25. Likizidi, ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo unakazwa. Likikosekana kabisa, unalegezwa. Na kila mara ni robo ya mzunguko, kisha kusubiri mbao itulie. Baada ya hapo ndipo kimo cha nyuzi darajani kinashughulikiwa. Kama milimita 1.6 juu ya freti ya 17 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa Stratocaster, ingawa mpigaji wa nguvu atataka zaidi, na kwa hakika sauti inapata uhai nyuzi zikiachiwa nafasi ya kutikisika. Mtindo wa kuteremsha nyuzi hadi ziguse freti kwa ajili ya kasi ya vidole unaigharimu sauti.

Mwisho ni usahihi wa noti za juu. Noti ya freti ya 12 ilinganishwe na ile inayolia uzi ukiguswa tu juu ya freti hiyo bila kubonyezwa. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kikalio cha uzi darajani kisogezwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kazi hii inahitaji bisibisi na tyuna tu, na baada yake gitaa linaloonekana la mchezo linaanza kulia kwa ukamilifu katika kodi zilizosambaa shingo nzima.

Kuhusu tremolo, yaani mkono wa darajani unaoyumbisha sauti, nitasema machache. Asiyeitumia azikaze springi zilizo mgongoni, aongeze hadi tano ikibidi, ili daraja lilale kabisa juu ya mwili. Gitaa litashika tyuni vizuri zaidi.

Kimo cha pikapu kinastahili maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndicho kisawazisha sauti cha bure kabisa alicho nacho mpiga gitaa. Sumaku ikiwa karibu mno na uzi, inauvuta na kuuzuia kutikisika kwa uhuru: noti hukatika mapema, na kwenye nyuzi nene husikika mawimbi ya ajabu kana kwamba noti mbili zinagombana. Ikiwa mbali mno, sauti inapooza. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, Fender hupendekeza karibu milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba, uzi ukiwa umebonyezwa freti ya mwisho, na kutoka hapo sikio liamue. Mimi hupendelea kuishusha pikapu ya shingoni zaidi ya wengi wanavyofanya, mpaka besi yake iache kumeza maneno ya wimbo, kisha naipandisha ya darajani mpaka swichi inapohamishwa sauti isianguke. Gitaa lililosawazishwa hivyo linaifanya amplifaya yoyote ionekane imeboreshwa.

Kabla sauti haijafika kwenye amplifaya inapita kwenye vitufe na waya, na hapa pia pana mengi ya kupata. Pikapu na waya kwa pamoja huwa na kilele cha mlio, mara nyingi kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 2,000 na 5,000, ambacho ndicho kinacholipa gitaa la umeme ukali wake. Kila mita ya waya wa gitaa ina takriban pikofaradi 100 (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme), na kadiri waya unavyorefuka kilele hicho hushuka na sauti hulainika. Kwa hiyo mwenye pikapu za seramiki zenye makali anaweza kufaidika na waya wa mita sita, na mwenye hambaka iliyofifia afadhali atumie wa mita tatu. Kitufe cha volyumu nacho, kikipunguzwa kidogo, huondoa sehemu ya trebo, yaani sauti za juu, pamoja na ukubwa wa sauti. Hilo ni tatizo kwa wengine, na kapasita ndogo ya pikofaradi 1,000 hivi ikilehemewa kwenye kitufe huliondoa, lakini kwa pikapu kali ni zawadi. Mtu apige na volyumu ya gitaa ikiwa saba au nane, abakize kilichobaki kwa ajili ya solo, na atashangaa jinsi kodi zake zinavyotengana na kusikika moja moja.

Mvumo wa koili moja ni hali ya maumbile yake. Unapungua kwa kugeuka pembeni, kwa kukaa mbali na transfoma na taa, na kwa kubandika utepe wa shaba au alumini ndani ya mashimo ya mwili na kuuunganisha na waya wa ardhi. Asiwepo mtu wa kuung'oa mguu wa ardhi wa plagi ya amplifaya ili kuukomesha mvumo. Waya huo ndio unaomlinda mpigaji aliyeshika nyuzi za chuma mkononi.

Sasa amplifaya. Frontman 10G na Pathfinder 10 zinashindana moja kwa moja: zote ni za transista, zote ni wati 10, zote zina njia safi na njia ya mkwaruzo, vitufe vya besi na trebo, na tundu la vipokea sauti vya kichwani. Frontman ina spika ya inchi 6 na tundu la kuingizia muziki wa kufanyia mazoezi, jambo linalomfaa sana anayejifunza. Pathfinder ina spika ya inchi 6.5. Kwa sikio langu Pathfinder ndiyo inayopendeza zaidi ikipigwa safi, na hasa mahali pale ambapo geini, yaani kitufe cha kiasi cha mkwaruzo, imefunguliwa kiasi cha sauti kuanza kukunja uso mkono ukigonga kwa nguvu, kisha ikatulia mkono ukilegea. Frontman inang'aa zaidi juu, na ukiiunganisha na Affinity bila kuteremsha trebo matokeo ni makali. Ukiiteremsha hadi tatu au nne, inakuwa amplifaya ya heshima kabisa kwa chumba.

Kosa linaloziharibia sifa amplifaya za aina hii ni geini. Mkwaruzo wake unatengenezwa na daiodi zinazokata mawimbi kwa ghafla, na kukata huko huzalisha sauti nyingi za juu. Spika kubwa za gitaa hupoteza nguvu haraka kuanzia karibu hezi 5,000, kwa hiyo huchuja mlio huo wa kukaanga. Kispika cha inchi 6 hakichuji kwa namna hiyo, na wakati huohuo hakina uwezo wa kutoa besi ya kuufunika. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi hulia kwa hezi 82, na noti ya juu kabisa ya shingo ya freti 22 iko karibu hezi 1,175. Kispika kidogo ndani ya kasha dogo hakiwezi kuitoa hiyo 82 kwa nguvu. Tunachosikia ni jamii yake ya juu, na ubongo unajazia pengo. Kukilazimisha kwa kufungua besi hadi mwisho kunakifanya kigugumie. Njia yenye mafanikio ni kinyume chake: besi nusu au chini ya nusu, trebo chini ya nusu, geini ndogo kuliko unavyodhani unahitaji, na volyumu juu. Mkwaruzo ulioonekana mdogo ukiwa peke yako unatosha kabisa mbele ya ngoma na besi.

Mahali amplifaya inapowekwa panabadilisha sauti kuliko watu wanavyoamini. Sauti za juu husafiri kwa mwali mwembamba kutoka katikati ya spika, na amplifaya ndogo iliyokaa sakafuni inamulika magoti ya mwenyewe. Yeye anasikia sauti iliyozibwa, anafungua trebo, na aliyekaa mita nne mbele yake anapigwa usoni na yale makali. Iwekwe juu ya kiti au iegemezwe nyuma ili spika iangalie masikio ya mpigaji, kisha vitufe vipangwe upya. Pembe ya chumba huongeza besi, jambo linaloisaidia Pathfinder na linaloweza kuiharibu Katana. Tena, mpangilio uliofanywa kwa sauti ya chini hauhami vizuri kwenda sauti ya juu, kwa kuwa sikio la binadamu husikia besi na trebo kwa udhaifu sauti ikiwa ndogo, kama watafiti Fletcher na Munson walivyoonyesha mwaka 1933. Aliyeongeza besi na trebo usiku chumbani atakuta kwenye mazoezi ya kundi kwamba gitaa lake limepotea, kwa kuwa besi yake imeliingilia gitaa la besi, trebo yake imeliingilia tasa la ngoma, na sauti za kati, ambako gitaa linaishi, hazipo.

Boss Katana 50 ni ya daraja jingine, ingawa bado ni ya bei ya mtu wa kawaida kuliko amplifaya za valvu (zinazotumia taa za kioo badala ya transista) zenye spika kama yake. Ilitoka mwaka 2016 na imeendelea kuboreshwa tangu hapo. Ina wati 50, spika ya inchi 12, aina kadhaa za amplifaya zilizoigizwa ndani yake, kitufe cha sauti za kati ambacho zile mbili ndogo hazina, na athari kama mwangwi na korasi. Sifa yake kubwa kwangu ni swichi ya kupunguza nguvu hadi wati 25 au hadi nusu wati, ambayo inamruhusu mpigaji kufungua volyumu na kupata ule ujazo wa amplifaya inayofanya kazi bila kuwaamsha waliolala. Ikiunganishwa na Pacifica, kwa njia ya Crunch, yaani ya mkwaruzo wa wastani, na geini ndogo, inatoa solo yenye mwili ambayo ungeitarajia kwenye chombo ghali zaidi. Udhaifu wake ni wingi wa mambo. Mtu anaweza kutumia jioni nzima akibadili athari bila kupiga wimbo hata mmoja, na mwangwi mwingi unaficha mkono usio na mpangilio.

Anayelinganisha wati hana budi kujua kwamba namba hizo zinadanganya jicho. Kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, na sikio linahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi, ili lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu. Spika zinatofautiana kwa kiasi hichohicho na zaidi: spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja katika umbali wa mita moja inasikika kwa wati 10 sawa na ile ya desibeli 97 kwa wati 20. Kwa hiyo pesa ya kuboresha amplifaya ndogo iende kwenye spika kabla ya pedali yoyote. Nimeisikia amplifaya ya wati 10 ikiunganishwa na kasha lenye spika ya inchi 12, na badiliko lake ni kubwa kiasi kwamba asiyeona angesema ni amplifaya nyingine: besi inatokea, makali yanazama, na geini ambayo haikuvumilika inakuwa nene. Anayetaka kufanya hivyo achomoe umeme, amtafute anayejua kulehemu, na ahakikishe ukinzani wa spika mpya, kwa omu, haupungui ule ulioandikwa kwa ajili ya amplifaya. Mwenye amplifaya ya valvu akumbuke zaidi kwamba haiwashwi bila spika, kwa kuwa transfoma yake huweza kuungua, na kwamba ndani yake mna volti za kuua zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomolewa.

Kwa ununuzi, hukumu yangu ni hii. Anayepiga nyumbani na kupenda gitaa safi anatosheka na Affinity na Pathfinder, mradi asiache kulirekebisha gitaa kwa namna iliyoelezwa. Anayejiunga na kundi lenye ngoma anahitaji Katana, na Pacifica linaifaa zaidi. Frontman ningemshauri anayejifunza peke yake kwa vipokea sauti vya kichwani, au aliye na kasha la spika kubwa tayari.

Gitaa mojamoja hutofautiana hata ndani ya aina moja, kwa hiyo lishikwe mkononi kabla ya kulipiwa. Litazamwe kutoka kichwani kuelekea darajani ili kuona kama shingo imejipinda kama parafujo, kasoro ambayo ufito wa ndani hauwezi kuiondoa. Kiganja kipitishwe pembeni mwa shingo kutafuta ncha za freti zinazokwaruza. Hizo zinasuguliwa kwa tupa na hazipaswi kumzuia mtu kununua. Kila noti ya kila uzi ipigwe polepole, bila amplifaya, na noti inayokufa au kugonga freti ya mbele ikumbukwe ilipo: zikiwa nyingi na zimesambaa ni suala la marekebisho ya shingo na daraja, ikiwa moja tu mahali pamoja ni freti iliyoinuka. Kisha liunganishwe, swichi ihamishwe nafasi zote, na vitufe vizungushwe taratibu vikisikilizwa. Mkwaruzo wa kitufe huondoka kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Pikapu iliyo kimya kabisa inahitaji kufunguliwa. Kwa gitaa lililotumika, aombwe muuzaji akubali ufito wa shingo ujaribiwe kwa mzunguko mdogo wa kulegeza, kwa maana ufito uliokatika au nati yake iliyolika ni matengenezo yanayoweza kuzidi thamani ya gitaa lote.